Mwenye Dhambi wa Mazoezi

Shemeji yangu ni fundi makochi, lakini mtaani kwetu wengi walimfahamu kwa kazi yake ya pili. Alikuwa mwenye dhambi. Si kwamba ni mtu mbaya. Ubaya wenyewe hana hata wa kuazimisha jirani. Alikuwa mwenye dhambi wa mazoezi, yule ambaye watu wa injili humjaribia maneno yao kabla ya kwenda kuwahubiria wenye dhambi halisi. Kazi hiyo hakuiomba. Alipewa na mkewe, ambaye ni dada yangu mkubwa, na siku anapewa nilikuwepo, kwa hiyo mtu asije akasema natia chumvi.

Dada alikuwa ameokoka karibuni, na Dada akianza jambo hulianza na ukoo mzima. Hajui kufanya kitu peke yake, hata kwenda sokoni huondoka na msafara. Basi akaanzisha huduma ya familia: kila wiki nyumba kwa nyumba mitaani, na kila mwaka safari moja ya mbali, sisi sote na spika na mablanketi ndani ya gari la kubebea makochi. Akatuingiza mmoja mmoja. Binti yake akaokoka, binamu zetu wakaokoka, na mimi nikaokoka, kwa sababu mbele ya Dada hata kuta za nyumba zilikuwa zinafikiria kuokoka. Aliyebaki ni mumewe. Yeye hakukataa wala hakukubali. Hakuna aliyemwuliza; alikuwa anaendesha gari.

Kabla ya safari ya kwanza Dada akasema tusiende kumwaibisha Bwana kwa kubabaika milangoni mwa watu. Tufanye mazoezi. Tukakusanyika karakana, nyuma ya nyumba yao, ambako nami nina cherehani yangu, maana mimi ndiye ninayeshona vitambaa vya makochi anayotengeneza shemeji. Biblia zikatoka, mistari ikagawanywa, kila mtu akajua atasema nini. Ndipo tukakumbuka kwamba hatuna wa kuhubiriwa. Tukatazamana. Tulikuwa watakatifu watupu mle ndani. Kisha macho yetu yote yakahamia pembeni, kwa shemeji, aliyekuwa amebana misumari midomoni akipigilia mguu wa kochi.

"Baba, hebu kaa hapo kidogo wakuhubirie," Dada alisema.

Shemeji akatema misumari kiganjani, akafuta gundi vidoleni, akakaa kwenye kochi ambalo lilikuwa bado halina sponji, mbao na springi tu. Binamu mmoja akasimama mbele yake akitetemeka, akamsomea mistari, akamwambia Mungu anampenda jinsi alivyo, akamwuliza kama yuko tayari kumpokea Yesu. Shemeji aliinamisha kichwa akafikiri. Halafu akasema, "Sawa. Niko tayari."

Tulicheka mpaka binamu mwenyewe akaketi chini. Dada akapiga makofi kutunyamazisha.

"Hapana, hapana, baba! Ukikubali haraka hivyo watajifunza nini? Huko tunakokwenda watu wana mioyo migumu. Kuwa mgumu kidogo."

Shemeji akatutazama, akamtazama mkewe, akasema, "Haya. Niulizeni tena." Binamu akaanza upya, na safari hii shemeji akakunja mikono kifuani. "Huyo Mungu wako ananijua?" aliuliza. "Mbona hajawahi kuleta kochi?" Binamu akatoa macho. Hakuwa na mstari wa makochi. Dada akafurahi kuliko siku ya harusi yake, akasema hapo sasa, hapo ndipo penyewe, endelea hivyo hivyo.

Na kweli aliendelea. Mchungaji aliposikia akaja kushuhudia, akajaribu kumhubiria yeye mwenyewe kwa kujiamini, na shemeji akamzungusha mpaka mtumishi wa Mungu akaomba maji ya kunywa. Akatoka pale anafuta jasho, akamwita Farao, kwa kumfananisha na yule mfalme wa Misri aliyekuwa na moyo mgumu. Jina likashika. Watoto wa shule ya Jumapili wakawa wanamkimbilia barabarani, "Farao! Farao!", naye anawagawia vipande vya sponji wachezee. Wateja nao wakaanza kuuliza, samahani, kwa Farao wa makochi ni wapi?

Kila Jumamosi mchana karakana ilijaa. Watu waliagiza mwenye dhambi wanavyoagiza kitambaa. Leo tunaomba awe mlevi. Leo awe tajiri asiyemhitaji Mungu. Leo awe mtu aliyegombana na kanisa. Shemeji, ambaye hajawahi kuonja pombe, alikuwa akiinamisha kofia upande mmoja na kuongea kwa kuvuta maneno, na mama mmoja wa maombi akaenda kumnong'oneza Dada kwamba ampeleke kwa mganga wa hospitali kabla ini halijaharibika. Kwa tajiri alivaa koti la jirani. Dhambi zenyewe hana za kutosha, ilibidi tumtungie, na tukikaa kumtungia kila mtu alikuwa na mawazo mengi ya ajabu, nikawa najiuliza yametoka wapi.

Makanisa mengine yakasikia. Wakaanza kuja kumwazima. Wachungaji wawili waliwahi kununiana kwa sababu wote walimtaka Jumamosi moja, na Dada akawasuluhisha kwa kuwapa mmoja asubuhi, mwingine mchana. Kanisa la bondeni walichukua ngoma zetu na mwenye dhambi wetu kwa pamoja; ngoma zikarudi zimepasuka, mwenye dhambi akarudi ameshiba. Hao ndio waliomletea saa ya ukutani iliyoandikwa "Kwa Mwenye Dhambi Wetu Mpendwa, Asante kwa Huduma." Shemeji akaitundika karakana juu ya mashine yangu. Mteja mgeni akiingia anaisoma, anamtazama fundi, halafu anaanza kukagua kochi lake kwa makini.

Haya yote yangekuwa ya kuchekesha tu kama nisingekuwa nalala chumba kinachopakana na chao. Ukuta ule ni mwembamba. Kila alfajiri nilimsikia Dada akimlilia Mungu, "Bwana, mguse mume wangu, usimwache apotee, nitasimamaje mbele zako peke yangu?" Analia kwa uchungu wa kweli, na mimi namwonea huruma mpaka najifunika shuka kichwani. Jumamosi ikifika, mtu yule yule anasimama karakana anasema, "Baba, usilainike mapema leo, vijana wana safari." Nilimwuliza siku moja tunaosha vyombo, mbona unaomba alainike huku unamkataza kulainika?

"Ataokoka," Dada alisema. "Tumalize safari hii kwanza."

Na safari haikuisha. Ikiisha moja, inaanza maandalizi ya nyingine. Damu ilikuwa inanichemka, lakini Dada ni mkubwa wangu, na sahani za kuosha zilikuwa bado nyingi.

Mwaka jana nikaanza kuona shemeji amebadilika. Alikuwa anasimamisha nyundo katikati ya kazi. Mara anakata sponji halafu anakaa anaitazama, mkasi mkononi. Siku moja mvua inanyesha, hakuna mteja, akaniita.

"Shemeji."

"Naam."

"Hivi mtu akiamini, anajuaje kama ameamini?"

Niliinua mguu kutoka kwenye pedali ya cherehani. "Ni swali la Jumamosi hilo? Maana ni gumu, watashindwa."

"Si la Jumamosi. Ni langu."

"Mimi nashona vitambaa tu, shemeji. Muulize mkeo."

"Nilimwuliza jana," alisema. "Akaniambia ni zuri sana, ila nilitoe kwa ukali zaidi."

Nikacheka, na yeye akacheka, lakini cheko lake lilikatika kabla ya langu. Akarudi kwenye kochi lake.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa zamu ya binti yao. Ni msichana mpole, sauti yake huisikii mpaka usogeze sikio, na mwaka huo mama yake alikuwa ameamua lazima ahubiri kwenye safari. Karakana ilikuwa imejaa, Mchungaji amekaa kwenye kiti cha mteja, kijiti cha meno mdomoni. Binti akasimama mbele ya baba yake. Mistari ikamponyoka yote. Akabaki anafinya kona ya gauni lake, mwisho akasema tu, "Baba, mimi nataka tuwe pamoja. Hata huko mbele. Sitaki nikukose."

Shemeji alimtazama mtoto wake, na machozi yakaanza kumtoka. Akasema, "Nimekubali, mwanangu. Nataka kuokoka."

Mimi nikaacha kutafuna karanga zangu. Halafu Mchungaji akaanza kupiga makofi, na karakana nzima ikamfuata.

"Machozi!" Mchungaji alisema. "Farao, hilo la machozi ni jipya. Libaki, libaki kabisa, linawapa vijana moyo."

"Lakini umewahi mno, baba," Dada alisema akijifuta macho kwa kitenge, maana hata yeye lilikuwa limemgusa. "Hapo ungemwuliza kwanza kwa nini watu wema wanateseka. Turudie."

"Sifanyi mazoezi, mama," shemeji alisema. "Nasema kweli."

"Mnaona?" Dada akawageukia vijana. "Na hao wapo. Mtu anakwambia anasema kweli, kumbe anataka uondoke. Msidanganyike. Haya, mwanzo."

Shemeji akafuta uso kwa mkono wenye gundi, uzi wa kitambaa ukabaki shavuni. Akamwuliza mwanawe kwa nini watu wema wanateseka.

Mtu mwingine angesusa. Yeye alingoja Jumapili. Mchungaji alipomaliza mahubiri akauliza kama kuna mtu anayetaka kumpa Yesu maisha yake, aje mbele. Shemeji akasimama. Alikuwa amevaa shati alilolifua mwenyewe usiku, maana hakutaka Dada aulize ni la nini. Akatembea katikati ya mabenchi, mikono imening'inia, akafika mbele, akapiga magoti. Kanisa likalipuka kwa furaha. Mzee wa kanisa mmoja akapiga mluzi. Mchungaji akashuka madhabahuni akitabasamu, akamshika shemeji bega.

"Asante, Farao!" alisema kwenye maikrofoni. "Mmeona, wapendwa? Hivi ndivyo mtu anavyokuja mbele. Haoni aibu, haangalii nyuma, magoti yanafika chini. Mpigieni makofi. Haya, sasa nani mwingine? Wa kweli."

Akaja mama mmoja ambaye huokoka kila baada ya miezi michache. Shemeji akainuliwa kwa upole, akarudishwa kwenye benchi, na njia nzima watu wanampa mkono kumpongeza. Alipokaa, Dada akamnong'oneza, "Mbona hukuniambia unafanya mfano leo? Ningekupigia pasi shati."

Wiki chache baadaye tukaondoka. Safari hiyo ilikuwa ya mji mdogo mlimani, ambako hakuna aliyetujua, na tukafikia kwenye darasa la shule, wanaume upande wa ubao, wanawake upande wa dirisha. Shemeji aliendesha, akashusha spika, akafunga nyaya. Asubuhi ya pili tulipofumba macho kuomba alikuwepo mlangoni. Tulipofumbua hakuwepo. Dada akasema atakuwa ameenda kutafuta maji ya rejeta ya gari, tukagawana mitaa, na sisi watatu, Dada, binti yake na mimi, tukapewa njia inayopanda nyuma ya kinu cha kusaga.

Nyumba za kwanza zilikwenda vizuri. Kuna mzee aliyetusikiliza mpaka mwisho, akatuomba tumsaidie kushika mbuzi amtoe jiwe lililokwama kwatoni, tukamshikia. Kisha tukafika kwenye nyumba ndogo yenye mlango wa kijani. Binti akasema hodi kwa sauti yake ile. Mama yake akamwambia aseme kama mtu aliyekula. Akasema tena, na mlango ukafunguka.

Alikuwa shemeji. Ameshika kikombe cha chai.

"Karibuni," alisema. "Mimi ndiye mwenyeji hapa kwa leo. Sijaokoka."

"Baba!" Dada alisema. "Nani anaangalia spika?"

"Spika ziko salama. Karibuni ndani, mnihubirie."

Nyuma yake, mwanamke mzee akachungulia kutoka jikoni. Ilikuwa nyumba yake. Tulikuja kuelewa kwamba shemeji alibisha kwake asubuhi, akaona kiti chake kimelegea miguu, akamtengenezea, na badala ya malipo akamwomba amwazime nyumba mpaka wahubiri wapite.

"Jamani mhubirieni," yule bibi alisema. "Tangu asubuhi anawasubiri, hata chai haishuki. Nami nataka kupika."

Dada akaanza kucheka. "Baba watoto, utatuua mbavu. Mazoezi ni nyumbani. Huku ni kazi, watu wanapotea."

"Ndiyo maana nimekuja huku," shemeji alisema. Hakuwa anacheka. "Nyumbani nikisema ndiyo, ni mazoezi. Kanisani nikienda mbele, ni mfano. Nikaona labda nikiwa na mlango wangu ugenini, mkaubisha nikafungua, mtanihesabu na mimi ni mtu."

Dada alikuwa bado na kicheko usoni lakini hakikuwa na sauti tena. Akamtazama mumewe kuanzia kofia mpaka viatu, kama anamtafuta mtu mwingine ndani yake, yule mlevi, yule tajiri, yule mgomvi wa kanisa. Hakumwona hata mmoja. Binti akamvuta mkono.

"Mama," alisema, na safari hii tulimsikia wote. "Siku ile alilia kweli. Mimi nilijua. Nikaogopa kusema."

Dada alitoka nje akauvuta mlango nyuma yake, ukafungwa. Mimi na binti tulikuwa tumeshaingia, tukabaki tumesimama kando ya ukuta. Nikadhani amekimbia. Kisha tukasikia kutoka nje, taratibu kabisa, sauti ya Dada ambayo kwa kawaida hupasua bati:

"Hodi."

Shemeji akaweka kikombe chini. "Karibu," alisema.

Dada akaingia kama mgeni, Biblia kwapani, akaketi kwenye kile kiti kilichotengenezwa asubuhi. Akafungua mdomo kuhubiri. Huyu ni mtu aliyefundisha wilaya nzima namna ya kuhubiri, na hakuna kilichotoka. Akafungua Biblia, akaifunga. Nikahesabu moyoni miaka yote ile, nikaona kwamba hajawahi hata mara moja kumhubiria mumewe yeye mwenyewe. Alikuwa anakaa pembeni anasahihisha.

Mwishowe akauliza tu, "Baba watoto, umeanza lini kutaka?"

Shemeji akafikiri kidogo, kichwa chini, vile vile alivyofikiri siku ile.

"Siku ya kwanza," alisema. "Kwenye kochi lisilo na sponji. Nilisema niko tayari, mkacheka."

Dada akashika kichwa kwa mikono miwili. "Nikakwambia uwe mgumu."

"Ulisema kidogo," shemeji alisema. "Nikawa nangoja uniambie inatosha."

Sijawahi kumwona Dada akilia bila sauti. Mimi nililia kwa sauti, sioni aibu kusema, na yule bibi akaacha sufuria zake akaja kusimama mlangoni na mwiko. Dada aliteleza kutoka kwenye kiti mpaka chini, magoti kwenye sakafu ya mtu asiyemjua, akaishika ile mikono yenye makovu ya misumari na gundi isiyotoka.

"Inatosha, baba," alisema. "Inatosha."

Alishindwa kuendelea, kwa hiyo binti ndiye aliyewaongoza sala, kwa sauti yake ndogo, na shemeji akawa anarudia kila neno nyuma yake polepole. Walipofika amina, yule bibi akaitika kwa nguvu kuliko sisi sote, akatuuliza kama sasa anaweza kurudishiwa nyumba yake.